Jinsi ya kubuni mchezo mpya wa pool unaomlipa anayejua kuzuia

Kwenye meza ya grosari ninayochezea kuna fundi viatu mmoja ambaye sijaona wa kumfikia kwa kuuficha mpira mweupe. Anaugusa mpira wake taratibu, mweupe unatambaa unaenda kujibanza nyuma ya mingine miwili, na mpinzani anabaki kuizunguka meza mara tatu akitafuta pa kupitia. Hapati. Basi anapiga kwa kubahatisha, mweupe unagonga kingo mbili, unasukuma mpira ambao hata hakuwa anauangalia, nao unadumbukia shimo la katikati. Watu wanashangilia. Mapigo matatu baadaye fundi ameshindwa na anatoa sarafu mfukoni, na ile kazi nzuri aliyoifanya haikuandikwa popote.

Kwenye soka, timu inayopaki basi dakika 90 ikitoka sare inaondoka na pointi moja. Ulinzi una mshahara wake. Kwenye pool hakuna sare, kwa hiyo ulinzi unalipwa kwa mkopo tu: umzuie mwenzako, akosee, upate nafasi, kisha uigeuze nafasi hiyo kuwa mipira shimoni ndipo upate chochote. Nimeiona hali hii ikiwavunja moyo wachezaji wenye akili nyingi na mkono wa kawaida, na nadhani si haki. Ndiyo maana tukakaa kijiweni kutengeneza mchezo wetu, tukauita Komeo. Nitaeleza hatua tulizopitia, pamoja na zile tulizokosea, ili na wewe uweze kutengeneza wako au kuurekebisha huu wetu.

Hatua ya kwanza: angalia michezo iliyopo inamlipa nani

Usianze kuandika sheria. Anza kuuliza kila sheria iliyopo inampa nani faida. Kuna michezo ya zamani ambayo tayari imemfikiria mzuiaji, na kila mmoja una kitu cha kukufundisha.

Chukua One Pocket ya Marekani. Mipira ni 15. Kila mchezaji ana shimo moja tu, mojawapo ya yale mawili ya kona za upande inakopangwa mipira, na wa kwanza kuingiza 8 katika shimo lake ameshinda. Ukifanya faulo, unadaiwa mpira mmoja wa kurudisha mezani. Kwa kuwa wewe una shimo lako na mwenzako ana lake, mpira ukikaa mdomoni mwa shimo lake inabidi uache mambo yako ukautoe pale. Ulinzi umejengwa ndani ya umbo la mchezo wenyewe, na hakuna mtu anayeulizwa kama alikuwa anazuia au anashambulia.

Snooker nayo, iliyoanza mwaka 1875 huko Jabalpur, India, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza, inalipa papo hapo. Mpinzani akishindwa kugonga mpira anaotakiwa kuugonga, wewe unaandikiwa pointi, kuanzia 4 hadi 7 kutegemea mpira uliohusika. Mtu aliyeachwa nyuma sana anaweza kurudi mchezoni kwa kuficha tu. Hata jina la mchezo ndilo tunalolitumia sisi tunaposema fulani amekula snuka, yaani amefichiwa mpira anaotakiwa kuugonga.

Kwenye nine-ball, pool ya mipira tisa, faulo tatu mfululizo zinakupotezea mchezo. Kwenye straight pool, ambapo kila mpira unaoingia ni pointi moja, faulo ya tatu mfululizo inakutoa pointi 15 zaidi. Huko ulinzi unalipwa pia, ila kwa kusubiri mpinzani akosee mara tatu, na mara tatu ni nyingi kwa meza ya mtaani yenye foleni ya watu sita.

Hatua ya pili: andika unachotaka kulipa kwa sentensi moja

Hapa ndipo wengi wanaruka. Wanaanza na "tuongeze pointi kwa ulinzi" bila kusema ulinzi ni nini. Sisi tulibishana jioni nzima. Mmoja alisema ulinzi ni kuuficha mweupe. Mwingine akasema hapana, hata kuupeleka mweupe mbali kabisa, ukaubana kwenye ukingo mwenzako asipate pa kuegemeza mkono, huo nao ni ulinzi, na alikuwa sahihi. Wa tatu akataja kuziba shimo kwa mpira wako. Ukijaribu kuorodhesha aina zote za ulinzi hutamaliza, na kila usiku atatokea mtu na aina mpya.

Sentensi tuliyofikia ni hii: mchezaji alipwe pale mpinzani anaposhindwa kupiga pigo halali baada ya pigo la kuzuia lililotangazwa. Haisemi umezuiaje, na ndiyo nguvu yake.

Hatua ya tatu: lipa kilichotokea mezani, usilipe nia

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uisome mara mbili. Nia ya mchezaji haionekani. Akipiga mpira ukakosa shimo na mweupe ukajificha, alikusudia au amebahatika? Hakuna refa wa kumsoma moyo, na grosarini refa mwenyewe hayupo. Kule Marekani, kwenye ligi za American Poolplayers Association, mwandishi wa matokeo huweka alama kila anapoona mchezaji amepiga kwa kuzuia. Alama zile zinasaidia kupima kiwango cha mchezaji, hazimpi ushindi wa usiku ule, kwa hiyo mwandishi akikosea kidogo hakuna ugomvi mkubwa. Ukizigeuza ziwe pointi za kushinda na kushindwa, mtagombana kabla mweusi, ule mpira wa kumalizia, haujaguswa.

Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza, mchezaji atangaze kabla ya kupiga. Sisi anasema neno moja, "komeo", na kusogeza kizibo cha soda juu ya mbao ya meza. Akishasogeza amejifunga. Ya pili, malipo yategemee jambo ambalo hata mtoto aliyesimama pembeni anaweza kulithibitisha: je, mweupe wa mpinzani uligusa mpira wake kwanza? Na je, baada ya hapo mpira wowote uligusa ukingo au kuingia shimoni? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, pigo ni halali. Likiwa hapana kwa lolote, ameshindwa.

Sharti la ukingo msilitupe hata mkiona ni la kuwasumbua wanaoanza. Bila hilo, mtu aliyebanwa anaugusa mpira wake kwa upole kama anayebonyeza embe sokoni, mweupe unabaki palepale, na komeo lako limekufa bila yeye kufanya kazi yoyote.

Hatua ya nne: weka bei, kisha ujaribu kuivunja mwenyewe

Toleo letu la kwanza lilikuwa bovu, na nitakuambia ubovu wake kwa sababu ni mtego ambao karibu kila mbunifu ataingia. Tulisema: ukitangaza komeo, mpinzani akishindwa kuingiza mpira, unapata pointi 1. Ilionekana nzuri kwenye karatasi. Usiku wa kwanza wachezaji wawili wajanja waligundua kwamba hawahitaji kuingiza kitu. Huyu anatangaza komeo, anasukuma kidogo. Yule naye anatangaza, anasukuma kidogo. Kila pigo pointi moja, huku na huku, na mipira 15 yote iko mezani inawatazama. Mwenye grosari akaja kuuliza kama meza imeharibika.

Kosa letu lilikuwa kulipa kwa mpinzani kutofanya kitu, na kutofanya kitu ni rahisi mno. Ukitaka kulipa ulinzi, lipa kwa mpinzani kufanya faulo. Akijinasua kihalali bila kuingiza, hulipwi.

Baada ya hapo ikaja hesabu ya bei. Mchezo wetu una mipira 7 kwa kila mtu na mweusi. Tukasema kila mpira wako ni pointi 1, mweusi ni 3, kwa hiyo mshambuliaji anayesafisha meza yote anapata 10. Kila mchezaji anaanza na vizibo 4, na kizibo kilichofanikiwa kina pointi 2. Mzuiaji kamili anapata 8. Ona tofauti ile ndogo, tuliiacha kwa makusudi. Anayetegemea kuzuia peke yake asiweze kumshinda aliyesafisha meza, lakini akizuia vizuri mara nne na kuingiza mitatu tu, anafika 11 na anamwacha aliyepata 10. Kama ulinzi ungelipa 3 kwa kila kizibo, tusingeona tena mtu akishambulia.

Na komeo lazima liwe na hatari yake. Mpinzani akijinasua na kuuingiza mpira wake kihalali, anakichukua kile kizibo kuwa chake, nacho kinamhesabia 2. Kujinasua ni ufundi kama kuzuia. Waulize wanaomfuatilia Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa nine-ball mwaka 1999, ambaye sifa yake kubwa mojawapo ni kuzipitia kingo na kuufikia mpira ambao kila mtu ameshakata tamaa nao. Ufilipino wanacheza sana rotation, ambapo lazima ugonge namba ndogo kuliko zote iliyobaki mezani, na huko kufichwa ni jambo la kila dakika. Mchezo unaolipa kuzuia bila kulipa kujinasua utakuwa na upande mmoja.

Usilipe mara mbili

Hili nusura litupite. Kwa kawaida mtu akifanya faulo, mwenzake anauweka mweupe popote anapotaka au anapewa pigo la bure, kama kwenye sheria za blackball zinazotumika katika mashindano ya Afrika. Sasa ukimpa mzuiaji pointi 2 na juu yake umpe mweupe auweke anakotaka, umemlipa mishahara miwili kwa kazi moja. Komeo moja likifanikiwa linazaa mipira mitatu, na mchezo umekwisha.

Tukampa achague. Akitaka anachukua kizibo, pointi 2, na anapiga mweupe kutoka pale ulipo. Akitaka anakitupa kizibo, hapati pointi, lakini anauweka mweupe popote. Sikutegemea kwamba sheria hii ndogo ingekuwa tamu kuliko zote. Mtu anasimama na kizibo mkononi akiitazama meza, watu kimya, anapiga hesabu: nichukue mbili za uhakika, au niuchukue mweupe nimalize mipira minne iliyokaa wazi? Mchezaji mwenye mkono mzuri huchukua mweupe. Fundi viatu huchukua kizibo, kisha anakomea tena.

Hatua ya tano: ziba mianya ya kuchelewesha

Mchezo unaopenda ulinzi unapenda pia kulala. Mwezi Aprili 2017, kwenye mechi za kufuzu mashindano ya dunia ya snooker, Fergal O'Brien na David Gilbert walicheza fremu moja ya mwisho kwa dakika 123 na sekunde 41. Wale ni wataalamu na ile ni kazi yao. Kijiweni kuna mtu amesimama na chaki mkononi tangu saa moja akingoja zamu.

Vizibo 4 kwa kila mtu vinasaidia, maana makomeo hayawezi kuzidi manane kwa mchezo mzima. Lakini watu wanaweza kuzuia bila kutangaza. Kwa hilo tuliweka sheria hii: yakipita mapigo matatu ya kila mchezaji bila mpira kuingia wala kizibo kutumika, aliye nyuma kwa pointi anauchukua mweupe na kuuweka anapotaka. Zingatia ni aliye nyuma. Ukisema mchezo uishie hapo wahesabu pointi, anayeongoza atachelewesha kwa makusudi. Ukimpa nafuu aliye nyuma, anayeongoza ndiye atakayekuwa wa kwanza kuusukuma mchezo mbele. Wakiwa sawa, anauchukua yule ambaye hakufungua meza.

Mwanya wa pili tuliugundua wiki ya pili. Watu waliweka vizibo vyote hadi mwisho. Kwa nini? Mpinzani akibaki na mweusi tu, ana shabaha moja mezani, na kuficha shabaha moja ni rahisi mno kuliko kuficha tano. Aliyekuwa hodari wa kuingiza ndiye aliyeadhibiwa kwa kuwahi. Tukapunguza bei: kizibo kinachotumika mpinzani akiwa amebaki na mweusi peke yake kinageuzwa kifudifudi, na kina pointi 1 badala ya 2. Ukikiona kimelala chini juu unajua thamani yake bila kuuliza mtu.

Hatua ya sita: uheshimu meza uliyo nayo

Nimeona watu wakileta sheria nzuri za kutoka nje ambazo meza yetu haiwezi kuzitekeleza. Meza nyingi za mtaani ni za futi 7, za kutumbukiza sarafu. Mpira ukishaingia shimoni umeingia, unalala ndani mpaka mtu alipie mchezo mwingine. Mweupe tu ndio unaorudi, na kwenye meza nyingi unarudi kwa sababu ni mdogo kuliko mingine, hivyo unachepuka njia yake ndani ya meza. Kwa hiyo sheria yoyote inayosema "rudisha mpira mezani kama adhabu", kama ile ya One Pocket, ifute mapema. Adhabu na malipo yote yakae nje ya mashimo. Ndiyo asili ya vizibo: vinapatikana bure chini ya kaunta, havipeperushwi na feni, na kila mtu anaviona.

Sheria za Komeo, kama tunavyozibandika ukutani

Mipira inapangwa na kufunguliwa kama kawaida, na rangi zinagawanywa kama mlivyozoea. Hakuna komeo mpaka kila mtu awe na rangi yake. Kila mchezaji anaweka vizibo vyake 4 upande wake wa meza.

Mpira wako ukiingia kihalali ni pointi 1 na unaendelea kupiga. Ukiingiza wa mwenzako ni faulo, na pointi ni yake. Baada ya faulo ya kawaida, mwenzako anauweka mweupe popote, hakuna pointi nyingine.

Ukitaka kukomea, sema "komeo" na usogeze kizibo kabla fimbo haijagusa mweupe. Pigo lako lazima liwe halali, yaani uguse mpira wako kwanza na kitu kifike ukingoni. Ukifanya faulo wewe mwenyewe, mwenzako anakichukua kizibo na kupiga mweupe ulipo. Mpira wako ukiingia kwenye pigo la komeo, umekwenda bila pointi, na zamu inahama vilevile.

Mwenzako akishindwa kupiga pigo halali, unachagua kizibo au mweupe. Akiwa ameutumbukiza mweupe shimoni na wewe umechagua kizibo, unaanzia nyuma ya mstari wa kufungulia. Akijinasua bila kuingiza, kizibo kinatupwa. Akijinasua na kuingiza, kizibo ni chake, pamoja na pointi ya mpira wake, na anaendelea kupiga.

Mweusi ni pointi 3 na ndio unaofunga meza. Ukiuingiza kabla ya kumaliza rangi yako, au ukaingia pamoja na mweupe, umeshindwa palepale hata kama ulikuwa unaongoza. Vinginevyo mshindi ni mwenye pointi nyingi, siyo lazima aliyeingiza mweusi. Pointi zikilingana, mwenye vizibo vingi upande wake ndiye mshindi. Na vizibo vikilingana, aliyeingiza mweusi.

Aya hiyo ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu siku za kwanza. Mtu anaingiza mweusi, anainua fimbo juu, kisha anahesabiwa na kukuta amepoteza 9 kwa 10. Mweleze kabla ya mchezo kuanza, siyo baada.

Komeo moja kwa karibu

Sheria zikiwa tayari, uwafundishe wachezaji wako kuzitumia, maana wengi wamezoea kupiga kwa nguvu na kumwachia Mungu. Hebu tuitazame hali moja iliyotokea mbele yangu.

Fundi ana njano tatu. Moja iko kiganja kimoja na nusu kutoka shimo la kona ya kushoto. Nyingine mbili zimelala bega kwa bega karibu na shimo la katikati, upande wa kulia. Mpinzani amebaki na nyekundu mbili, zote upande wa chini. Mweupe uko katikati ya meza. Kila mtu pale alitaka aingize ile ya kona, ni pointi moja ya bure. Yeye akasogeza kizibo.

Alichofanya ni kuigonga moja ya zile mbili za kulia kwa upande wake mwembamba, taratibu. Njano ikasogea ikagusa ukingo, sharti limetimia. Mweupe, kwa kuwa uliigusa kwa kando tu, haukupoteza mwendo wake wote. Ulipita, ukagonga ukingo, ukarudi nusu ya mpira na kulala mgongoni mwa ile njano nyingine. Ukagusana nayo kabisa.

Hapa kuna hesabu ambayo inafaa kila mzuiaji aijue. Kwa mipira inayolingana ukubwa, mweupe ukigusana na mpira unaokuziba, nyuzi 180 zimefungwa, yaani nusu nzima ya njia zote. Ukiacha nafasi ya mpira mmoja katikati yao, kinachozibwa kinashuka mpaka nyuzi 60. Ukiacha nafasi ya mipira mitatu, zinabaki kama 29. Watu wanadhani kuficha ni kuweka ukuta karibu na shabaha ya mpinzani, kumbe ukuta unafanya kazi zaidi ukiwa karibu na mweupe. Pigo zuri la komeo ni lile linaloupeleka mweupe ukalale kifuani mwa mpira wako.

Mpinzani alijaribu kingo mbili, akakosa nyekundu kwa upana wa kidole. Fundi akachukua kizibo. Na ile njano ya kona bado ilikuwa pale inamngoja.

Kuna jambo jingine ndani ya pigo lile. Fundi aliiacha mipira yake mezani kwa sababu kila mpira wako unaouingiza ni askari umemwondoa langoni. Aliyemaliza sita na kubakiza mmoja hana tena cha kujifichia, ilhali mwenye mitano bado ana ukuta. Kwenye mchezo wa kawaida jambo hili lipo lakini halionekani, kwa kuwa wote tunakimbilia mashimo. Kwenye Komeo unaanza kuuliza: huu niuingize sasa, au unilindie kwanza?

Hatua ya saba: jaribu na watu wasiofanana

Usijaribu mchezo wako na marafiki wanaokupenda peke yao. Tafuta mshambuliaji mwenye kasi, mzuiaji mvumilivu, na mtu anayeanza kabisa. Wacheze kila mmoja na mwenzake. Chukua daftari uandike vitu vinne tu: mchezo ulichukua dakika ngapi, vizibo vingapi vilitumika, vingapi vilifanikiwa, na ni mara ngapi watu walisimamisha mchezo kuuliza sheria. Hicho cha nne ndicho muhimu. Sheria inayoulizwa kila mchezo haijaandikwa vizuri, ifupishe au uiondoe.

Vizibo vikirudi vyote bila kutumika, bei ni ndogo au hatari ni kubwa. Vikiisha kabla ya mpira wa tatu kuingia, bei ni kubwa. Badilisha kitu kimoja kwa jioni moja. Tuliwahi kubadilisha vitatu kwa mpigo na hatukujua ni kipi kilichoponya mchezo, ikabidi turudi nyuma.

Na umpe mtu mmoja mjanja kazi maalumu ya kuuharibu mchezo. Mwambie atafute namna ya kushinda ambayo inachosha kuangalia. Akiipata, mshukuru na uizibe.

Kama meza yenu ni ile kubwa ya futi 9 yenye mipira ya milimita 57, uwanja ni mpana na njia za kupitia kingo ni nyingi, hivyo kuficha ni kugumu zaidi. Hapo ningeanzia na kizibo cha pointi 3 na mweusi wa 4, kisha niangalie daftari linasema nini. Na mkicheza wawili kwa wawili, kila timu iwe na vizibo 4 vya pamoja. Wenza wanaruhusiwa kushauriana kwa sauti wakati wowote, isipokuwa pale kizibo kinapokuwa kimesogezwa. Kikishasogezwa, aliyekomewa anaitazama meza peke yake na kupiga bila ushauri wa mwenzake.